Mitihani ya Watoto Wetu: Kila Mmoja Wapima Nini, na Waamua Nini?

Kila mwaka, mahindi yavunwapo katika nchi ya Kitale na Bungoma, maongezi ya wazazi huacha bei ya gunia na kugeukia mitihani. Katika soko la Chwele, kwenye mabaraza ya machifu, na nje ya makanisa siku ya Jumapili, swali ni lile lile: "Mtoto wako amepata ngapi?" Zamani jibu lilikuwa hesabu moja tu. Siku hizi mzazi mmoja hutaja alama, wa pili hutaja herufi, na wa tatu husema kwamba mwanawe "anakaribia matarajio," wala hajui kama yampasa kushukuru au kuhuzunika.

Si ajabu watu wakichanganyikiwa. Katika nyumba moja ya Kabuchai aweza kuwako babu aliyefanya mtihani wa Darasa la Nne kabla ya uhuru, baba aliyefanya ule wa Darasa la Nane, binti anayengojea mtihani wa Kidato cha Nne, na kitinda mimba aliye katika Gredi ya 6. Wote wanne wamewekwa juu ya mizani mbalimbali. Makusudi ya makala haya ni kueleza mizani hizo moja moja, ili mzazi asimkatie mtoto tamaa pasipo sababu, wala asilale usingizi wakati impasapo kukesha.

MIZANI MOJA KWA WOTE

Mtihani wa taifa ni kitu gani? Na tufikiri habari za gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo akina mama hupimia mahindi sokoni. Kopo hilo likibonyezwa kitako, mnunuzi hupunjwa, na hana njia ya kujua amepunjwa kiasi gani. Ndiyo sababu mfanya biashara atokaye mbali hataki gorogoro. Ataka gunia la kilo 90 na mizani iliyokaguliwa, ili kilo ya Chwele iwe sawasawa na kilo ya Nairobi.

Mitihani nayo ni vivyo hivyo. Mwalimu mmoja wa Kabuchai aweza kutunga maswali mepesi na kumpa mtoto alama 90. Mwalimu mwingine wa Kitale aweza kutunga maswali magumu na kumpa mtoto mwenye ujuzi ule ule alama 50. Alama hizo mbili hazilinganishiki, kwa kuwa zimetoka katika makopo mawili tofauti. Lakini watoto wote wakipewa karatasi moja, siku moja na saa moja, na majibu yao yakasahihishwa kwa kanuni moja, hapo ndipo wawezapo kulinganishwa kwa haki.

Fikira hii ni ya zamani sana. Dola ya Uchina iliwachagua maofisa wake kwa mitihani ya kuandika kwa karne nyingi, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1905. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1858 kuwapima wanafunzi wa shule zilizo nje ya chuo chenyewe. Na kwa njia ya Cambridge desturi hiyo ilifika mpaka kwetu Afrika ya Mashariki.

MLANGO MWEMBAMBA WA ZAMANI

Wazee wetu wanaukumbuka vizuri mtihani wa Darasa la Nne. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Kasisi Leonard Beecher, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu, ilipendekeza kwamba elimu ya Waafrika wa Kenya igawanywe katika vipande vitatu vya miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati, na shule ya sekondari. Mwisho wa kila kipande palikuwa na mtihani, na kila mtihani ulikuwa ungo wa kupepetea watoto. Nafasi katika shule za kati zilikuwa chache. Kwa hiyo wengi wa watoto waliofanya mtihani wa Darasa la Nne walirudi nyumbani wakiwa bado wadogo, na huo ukawa ndio mwisho wa masomo yao. Waliobaki walikutana na mtihani wa Darasa la Nane ulioitwa KAPE, na wachache waliopita hapo waliendelea mpaka cheti cha Cambridge.

Tena siku hizo mizani yenyewe haikuwa moja. Kabuchai ilikuwa ndani ya nchi ya Waafrika, ambayo tangu 1956 ilitawaliwa katika Wilaya ya Elgon Nyanza. Kitale ilikuwa katika nyanda zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu. Watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa na shule zao mbali mbali, na mitihani yao ya mwisho wa elimu ya msingi ilikuwa mbali mbali kadhalika. Baada ya uhuru wa 1963 mitihani hiyo iliunganishwa kuwa mmoja kwa watoto wote, na katika miaka ile ya sitini ukaitwa CPE. Ulifanywa mwisho wa Darasa la Saba, nao ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla. Yafaa tukumbuke kwamba Kiswahili hakikuwamo. Mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi bila ya kuulizwa hata swali moja katika lugha hii tunayoiandika.

Jambo hilo lilibadilika mwaka 1985, ulipoingia mpango wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. CPE ya mwisho ilikuwa imefanywa mwaka 1983. KCPE ya kwanza ilifanywa 1985, na KCSE ya kwanza, yaani ule mtihani wa Kidato cha Nne, ilifanywa 1989. Kazi yote ya kutunga na kusahihisha ilikuwa mikononi mwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, lijulikanalo kwa wengi kwa jina la KNEC, ambalo liliundwa mwaka 1980. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na Cambridge, kisha na Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki lililoanzishwa 1967.

KCPE ilidumu kwa muda wa karibu miaka arobaini. Ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwishoni ilikuwa na karatasi tano, na jumla ya alama 500. Na hesabu hiyo moja ndiyo iliyoamua kama mtoto wa Chwele ataitwa katika shule ya taifa, au katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao.

SAFARI YA MTOTO WA LEO

Sasa tumchukue mtoto mmoja wa Kabuchai wa siku hizi, tumfuate tangu chekechea. Yeye yumo katika mtaala wa umilisi, ambao ulianza kufundishwa nchini kote mwezi wa Januari 2019. Huanza na miaka miwili ya chekechea. Katika miaka hiyo hapana mtihani wa taifa, wala hapana haja ya mtoto wa miaka minne au mitano kupewa nafasi ya kwanza au ya mwisho darasani. Mwalimu humtazama tu: je, anaweza kushika kalamu, kutambua herufi, kuhesabu vitu, kucheza na wenzake? Mzazi akiona shule ya chekechea inatangaza "namba moja" na "namba ya mwisho," ajue kwamba hayo ni mambo ya shule yenyewe.

Katika Gredi ya 3 iko tathmini ya kutazama kama mtoto ameshika kusoma, kuandika na kuhesabu. Tathmini hiyo haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 4. Kuanzia Gredi ya 4 shule hufanya kazi za kupima kwa maagizo ya Baraza la Mitihani, na walimu hupeleka alama hizo kwa Baraza.

Mwisho wa Gredi ya 6 ndipo ufikapo mtihani uitwao KPSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Huudhani kuwa ni KCPE iliyobadilishwa jina. Sivyo hata kidogo. KPSEA haimchagulii mtoto shule, wala haimfukuzi mtu. Kila mtoto wa Gredi ya 6 huendelea na Gredi ya 7 katika Sekondari Msingi, ambayo kwa kawaida imo katika uwanja ule ule wa shule yake ya msingi. Lakini pia si kweli kwamba KPSEA haina kazi, kama tutakavyoona sasa hivi.

Mwisho wa Gredi ya 9 ndio njia panda yenyewe. Mtihani wake huitwa KJSEA, na ulifanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2025, na watoto zaidi ya milioni moja. Matokeo yake ndiyo hutumika kumpeleka mtoto katika Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10, 11 na 12. Hesabu yake imegawanywa hivi: asilimia 60 hutoka katika karatasi za Gredi ya 9, asilimia 20 hutoka katika kazi alizopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 hutoka katika ile KPSEA ya Gredi ya 6. Basi mtoto afikapo chumba cha mtihani wa Gredi ya 9, sehemu mbili katika kila tano za matokeo yake zimekwisha andikwa.

NENO "MATARAJIO" MAANA YAKE NINI?

Katika mpango huu mpya mtoto hapewi jumla ya 500. Kwa kila somo huwekwa katika daraja moja kati ya manne: aliyepita matarajio, aliyefikia matarajio, anayekaribia matarajio, na aliye chini ya matarajio. Kila daraja limegawanywa mara mbili, na hivyo kupatikana ngazi nane. Ya juu kabisa ina pointi 8, ya chini kabisa ina pointi 1. Masomo ya Gredi ya 9 ni tisa, kwa hiyo pointi za juu kabisa ni 72.

Basi mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe "anakaribia matarajio" katika Hisabati asidhani mtoto ameanguka. Maana yake ni kwamba ameshika sehemu ya somo lakini hajafika panapotakiwa. Swali lifaalo kumwuliza mwalimu ni hili: "Ni mambo gani hasa hajayaweza, nasi nyumbani twaweza kumsaidiaje?" Mwalimu aliyempima mtoto sawasawa atakuwa na jibu.

Baada ya Gredi ya 9 ziko njia tatu: ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ya Sayansi za Jamii, na ya Sanaa na Michezo. Mtoto huchagua njia na shule, na matokeo hutazamwa pamoja na uchaguzi wake. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, nalo litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Wale waliotoka katika KCPE ya mwisho ndio watakaofunga mlango wa KCSE mwaka 2027. Kwao kanuni ni zile zile za zamani: madaraja kutoka A mpaka E, na C ya kujumlisha ndiyo ifunguayo mlango wa shahada ya chuo kikuu.

MIZANI HAIONYESHI KILA KITU

Mkulima wa Kitale apelekapo mahindi yake katika ghala la Halmashauri ya Nafaka, gunia haliwekwi juu ya mizani tu. Ofisa huchoma gunia, akatoa punje kidogo, akazipima unyevu kwa chombo kingine. Ukizidi asilimia 13.5 mahindi hurudishwa yakaanikwe. Mizani yasema uzito, lakini haisemi kama nafaka itaoza. Na mtihani una mipaka yake vivyo hivyo. Karatasi ya saa mbili haiwezi kuuliza yote aliyofundishwa mtoto. Huonja kidogo tu, kama mpishi aonjavyo mchuzi kwa kijiko. Haionyeshi subira ya mtoto, wala uaminifu wake, wala ustadi wa mikono yake. Ndiyo sababu ya kuongeza zile alama za kazi za shuleni.

Hata hivyo yafaa kusema wazi kwamba dawa hiyo nayo ina ugonjwa wake. Alama ya karatasi ya taifa husahihishwa na mtu asiyemjua mtoto. Alama ya kazi ya shuleni hutolewa na mwalimu wake mwenyewe, ambaye aweza kuwa mkali au mpole; na hapo tumerudi kwenye gorogoro. Zaidi ya hayo, shule zenyewe hazifanani. Mtoto mmoja hujifunza sayansi katika maabara yenye vyombo. Mwenzake huichora maabara hiyo ubaoni. Karatasi ni moja, lakini njia waliyopita kuifikia si moja. Mtihani huonyesha tofauti hiyo. Kuiondoa si kazi ya mtihani, ni kazi ya bajeti, walimu na majengo.

Nchi nyingine zimepata somo katika jambo hili. Huko Marekani sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2002 iliamuru watoto wote wa shule za umma wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka tangu darasa la tatu mpaka la nane, na mara moja tena katika sekondari. Na shule zisizofikia kiasi kilichowekwa zikaadhibiwa. Ilikuwa faida kwamba watoto wa maskini na wa makabila madogo hawakuweza tena kufichwa ndani ya wastani wa shule. Ilikuwa hasara kwamba walimu wengi waliacha masomo mengine na kufundisha yale tu yatakayoulizwa. Mwaka 2015 sheria nyingine ilibakiza mitihani hiyo, lakini ikayarudishia majimbo uwezo mkubwa wa kuamua la kufanya na matokeo yake. Nchi ya Finland kwa upande wake ina mtihani mmoja mkubwa wa taifa, nao huja mwisho wa sekondari ya juu.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Penye mlango mwembamba hapakosi watu wa kupanda ukuta. Mwaka 2015 wizi wa mitihani ulienea mno katika Kenya, na mwezi wa Machi 2016 Serikali ikalivunja baraza la wakurugenzi wa KNEC. Tangu mwaka huo makasha ya karatasi hufungiwa katika makontena ya chuma, na wakuu wa shule wenyewe huzichukua karatasi asubuhi ya mtihani. Matokeo yalionekana mara moja. Katika KCSE ya 2015 watahiniwa zaidi ya elfu mbili walipewa daraja la A. Katika ile ya 2016 waliolipata walikuwa 141 nchini kote.

Mzazi anayeombwa fedha ili aletewe "karatasi" na afikiri mambo mawili. Kwanza, sheria ya mwaka 2012 yaadhibu kosa hilo kwa kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au vyote viwili. Pili, mtoto aliyepewa daraja lisilo lake hupelekwa mahali ambapo hawezi kufuata masomo, naye humnyima nafasi mtoto wa jirani aliyesoma kwa taa ya mafuta.

LA KUFANYA

Kwa kumaliza twatoa mashauri machache. Usimzuie mtoto nyumbani siku za kazi za kupima katika Gredi ya 7 na ya 8 kwa ajili ya kupalilia au kupeleka mboga sokoni; alama hizo huhesabiwa, na hazirudi. Hakikisha kwamba jina lake katika cheti cha kuzaliwa na katika orodha ya shule ni moja, herufi kwa herufi. Hifadhi karatasi za matokeo yake kila mwaka. Kabla hajachagua njia ya Sekondari Pevu, tembelea shule yenyewe uone kama masomo anayoyataka hufundishwa huko kweli, na kama yeye aweza kufika kila siku ikiwa ni ya kutwa.

Na mtoto akileta matokeo ya chini, usimtaje sokoni. Babu yake huenda alirudishwa nyumbani akiwa na miaka kumi na mmoja kwa sababu ya karatasi moja, na hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mtoto wa leo anayo miaka tisa kabla ya kuifikia njia panda yake ya kwanza. Miaka hiyo ni mali yake, na mzazi anayeijua hesabu yake ataweza kumlindia isipotee.